Kulazimisha Silikoni Iitikie Mwanga: Uchambuzi wa Kisa cha Utafiti wa Profesa Michal Lipson

Mwaka 2001, Michal Lipson alipoanza kazi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York nchini Marekani, silikoni ilikuwa na sifa mbili zinazopingana. Kwa watengenezaji wa kompyuta ilikuwa dutu isiyo na mshindani. Kwa wahandisi wa mawasiliano ya mwanga ilikuwa dutu dhaifu, inayofaa labda kuupitisha mwanga, lakini si kuuzalisha wala kuutawala. Miaka minne baadaye, katika jarida la Nature la Mei 2005, yeye na watafiti wa maabara yake walionyesha pete ya silikoni yenye kipenyo cha mikromita 12 (mikromita moja ni sehemu ya milioni ya mita) iliyoweza kuandika taarifa juu ya mwale wa leza kwa kasi ya gigabiti 1.5 kwa sekunde, ikiwa ndogo mara elfu kuliko vifaa vya aina hiyo vilivyoitangulia. Uchambuzi huu unafuatilia jinsi alivyofika hapo na kazi iliyofuata, kwa sababu njia ya utafiti wake ina mantiki ambayo haionekani mtu anaposoma orodha ya tuzo zake. Kila alipokutana na udhaifu wa dutu, aliuliza kwanza ni kiasi gani cha udhaifu huo kinaweza kufidiwa na umbo la kifaa, na dutu yenyewe aliibadilisha pale tu umbo lilipokuwa limefika mwisho wa uwezo wake.

Udhaifu wenyewe

Udhaifu wa silikoni haukuwa wa kusingiziwa; unatokana na fizikia ya fuwele yake. Katika nusu-kipitishi (dutu inayopitisha umeme kwa kiasi, kama ilivyo silikoni yenyewe) kama galiamu arsenaidi, elektroni inaposhuka kutoka ngazi ya juu ya nishati inaweza kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja kwa moja. Katika silikoni elektroni haiwezi kushuka kwa namna hiyo bila kusaidiwa na mtetemo wa fuwele, na kwa kuwa ni nadra mambo hayo yote kukutana kwa wakati unaofaa, sehemu kubwa ya nishati huishia kuwa joto kabla mwanga haujatoka. Hadi leo leza zinazolisha chipu za silikoni katika mawasiliano hutengenezwa kwa dutu nyingine.

Udhaifu wa pili ndio unaohusika zaidi na kisa hiki. Ili mwanga ubebe taarifa, lazima kitu fulani kiubadilishe haraka, na kitu hicho huitwa moduleta. Moduleta za mawasiliano ya masafa marefu zilitengenezwa kwa fuwele ya lithiamu niobeti, ambayo kipimo chake cha mpindo, yaani kiasi inavyopunguza mwendo wa mwanga, hubadilika mara tu volteji inapowekwa. Fuwele ya silikoni ina ulinganifu unaoizuia kuwa na tabia hiyo. Lililobaki lilikuwa jambo ambalo Richard Soref na Brian Bennett walilichapisha mwaka 1987 wakiwa wamelikokotoa kwa uangalifu mkubwa: elektroni na matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, vikiongezwa ndani ya silikoni, kipimo cha mpindo hupungua. Tatizo ni kwamba hupungua kidogo mno. Hata vikisongamana kufikia bilioni bilioni moja katika kila sentimita moja ya ujazo, badiliko ni kama sehemu tatu kwa elfu.

Badiliko dogo namna hiyo huleta athari inayopimika iwapo mwanga utasafiri ndani yake kwa umbali wa kutosha, na hivyo ndivyo wahandisi walivyofikiri kwa miaka mingi: kama dutu ni dhaifu, refusha kifaa. Februari 2004 watafiti wa Intel, kampuni ya kutengeneza vichakataji vya kompyuta, walichapisha moduleta ya silikoni iliyovuka gigahezi moja, wakati zile zilizotangulia zilikuwa zimefikia takriban megahezi 20 tu. Lilikuwa tukio kubwa, na lilishawishi kampuni nyingi kwamba fotoniki ya silikoni, yaani teknolojia ya kutumia mwanga ndani ya chipu ya silikoni, ina mustakabali. Lakini kifaa chenyewe kilihitaji urefu unaopimwa kwa milimita, na anayetaka kuweka mamia ya moduleta kwenye chipu moja, kila moja kando ya sakiti inayoiendesha, hana nafasi ya kuzipanga kwa urefu huo.

Mlango kabla ya nyumba

Lipson alizaliwa Haifa, Israeli, mwaka 1970, akakulia Brazili alikoanza masomo ya fizikia mjini São Paulo, kisha akarudi Israeli kusoma katika chuo cha Technion hadi kupata shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1998. Baada ya hapo alifanya utafiti katika chuo cha MIT nchini Marekani chini ya Lionel Kimerling, mmoja wa watu walioamini mapema kwamba mwanga unaweza kupewa nafasi ndani ya chipu ya silikoni. Alifika Cornell akiwa mwanafizikia wa nusu-vipitishi kuliko mhandisi wa mawasiliano, na nadhani hilo lilimsaidia, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuanza na vifaa virefu. Vilevile Cornell ilikuwa na kituo cha kutengeneza maumbo ya nano chenye mashine za kuchora kwa miale ya elektroni, na bila mashine hizo kazi aliyotaka kuifanya isingekuwapo.

Kizuizi cha kwanza hakikuwa moduleta. Kilikuwa jinsi ya kuingiza mwanga kwenye chipu. Silikoni hupunguza mwendo wa mwanga kwa kiwango cha 3.48 kwenye rangi zinazotumika katika mawasiliano, na oksaidi ya silikoni inayoizunguka kwa kiwango cha 1.44 tu, pengo hilo kubwa ndilo linaloruhusu mwanga ubanwe ndani ya njia yenye upana wa nanomita 450 na kimo cha nanomita 250 (nanomita moja ni sehemu ya elfu ya mikromita), na ukunje kona kali bila kumwagika nje. Lakini mwanga huo unatoka kwenye faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga, yenye kiini cha upana wa mikromita 9 hivi. Eneo la mwanga ndani ya faiba ni kubwa zaidi ya mara mia tano kuliko la njia ya silikoni. Ukigusanisha faiba na njia hiyo ana kwa ana, karibu mwanga wote hupotea, na mtafiti hubaki akipima masalia.

Suluhisho ambalo mtu yeyote angelifikiria kwanza ni kuipanua njia ya silikoni polepole hadi ilingane na faiba. Linawezekana, lakini linahitaji urefu mkubwa na tabaka nene la silikoni. Mwaka 2003, pamoja na Vilson Almeida na Roberto Panepucci, Lipson alichapisha njia iliyo kinyume: waliichonga ile njia ya silikoni ikawa nyembamba zaidi kadiri inavyokaribia ukingo wa chipu, hadi ncha yake ikawa na upana wa nanomita mia moja hivi. Njia ikiwa nyembamba kiasi hicho, silikoni haina tena uwezo wa kuubana mwanga. Mwanga humwagika kwenye oksaidi inayoizunguka, hutanuka, na kwa kutanuka hukaribia ukubwa wa ule wa faiba. Kinachoonekana kama kasoro ya njia nyembamba kikawa ndicho kifaa chenyewe. Urefu wote ulikuwa mikromita 40, na mwanga ulioingia uliongezeka mara kumi. Watafiti wa kampuni ya mawasiliano ya NTT nchini Japani walikuwa wakifuata wazo la jamii hiyo katika kipindi hicho hicho, kwa hiyo si haki kumhesabia yeye peke yake, lakini toleo la Cornell lilikuwa fupi na lilieleweka vizuri kiasi kwamba ncha za namna hiyo sasa ni sehemu ya kawaida ya chipu za fotoniki.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa makusudi. Masimulizi mengi kuhusu kazi ya Lipson huanza na moduleta ya 2005, na ncha ya nano hutajwa kwa sentensi moja kama hatua ya maandalizi. Mimi naiona kuwa uamuzi muhimu kuliko yote aliyoyafanya katika miaka yake ya kwanza. Maabara mpya yenye haraka ya kujulikana ingeweza kukimbilia moduleta moja kwa moja na kuvumilia upotevu wa mwanga mlangoni. Yeye alishughulikia mlango kwanza, na matokeo yake ni kwamba kila jaribio lililofuata lilikuwa na mwanga wa kutosha kupimwa kwa uhakika.

Pete

Sasa swali la moduleta linaweza kuulizwa upya. Badiliko la silikoni ni dogo, na mwanga unahitaji safari ndefu ndani yake. Je, safari ndefu lazima iwe kwenye kifaa kirefu? Mwanga unaweza kuzungushwa. Njia ya silikoni ikikunjwa ikawa pete na kuwekwa kando ya njia iliyonyooka, zikiachwa nanomita mia kadhaa kati yao, sehemu ndogo ya mwanga huvuka na kuingia kwenye pete. Kwa rangi nyingi za mwanga, mizunguko inayofuatana haiafikiani, na pete hubaki karibu tupu. Lakini kwa rangi ambazo mzunguko wa pete ni sawa na idadi kamili ya mawimbi yake, kila mzunguko hukuta ule uliotangulia ukiwa kwenye hatua ile ile, kama bembea inayosukumwa kila inapofika mwisho wa mrejeo wake, na nguvu ya mwanga ndani ya pete hujijenga. Hiyo ndiyo resonansi. Rangi hiyo hunaswa na haitokei upande wa pili wa njia iliyonyooka. Rangi za jirani hupita kama vile pete haipo.

Pete yenye kipenyo cha mikromita 12 ina mzunguko wa mikromita 38 hivi. Ikiwa kipimo chake cha ubora, yaani kiasi inavyoweza kuuhifadhi mwanga bila kuupoteza, ni 40,000, mwanga hukaa ndani yake kwa pikosekunde zipatazo 33 (pikosekunde moja ni sehemu ya trilioni ya sekunde) na kuzunguka makumi ya mara kabla haujatoka. Lenye uzito zaidi ni kwamba rangi inayonaswa ni nyembamba sana, upana wake ukiwa kama sehemu nne kwa mia za nanomita, hivyo badiliko dogo mno la kipimo cha mpindo linatosha kuisogeza resonansi pembeni na kuuachia mwanga uliokuwa umenaswa upite. Udhaifu wa silikoni haukuondolewa. Kifaa ndicho kilichofanywa kiwe chepesi kuhisi.

Hatua zilikwenda kwa mpangilio wa kupendeza. Oktoba 2004, katika Nature, Almeida, Lipson na wenzao walithibitisha kanuni hiyo bila umeme wowote: mpigo wa mwanga wenye nishati ya pikojuli 25 ulizalisha elektroni na matundu ndani ya pete, na mwale mwingine uliokuwa ukipita ukabadilishwa katika muda usiofikia pikosekunde 500. Kwa jaribio hilo walikuwa wametenganisha maswali mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kama pete ingeshindwa kuitikia, kosa lingekuwa la pete. Kwa kuwa iliitikia, lililosalia ni suala la kufikisha umeme. Mei 2005 Qianfan Xu, Bradley Schmidt, Sameer Pradhan na Lipson walijenga dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja, kuizunguka pete, upande wa ndani ukitiwa uchafu (atomi za kigeni zinazobadilisha jinsi silikoni inavyopitisha umeme) wa aina moja na wa nje wa aina nyingine, na katikati silikoni ikiachwa safi ili mwanga usifyonzwe. Volteji ikiwekwa, elektroni na matundu huingia kwenye pete, ikiondolewa, hutoka.

Hapa inafaa kusema wazi kile ambacho umbo halikuweza kukitatua. Kuingiza chembe za umeme kwa njia hiyo ni rahisi, lakini zikiachwa zitoweke zenyewe huchukua muda unaokaribia nanosekunde moja, na kasi huishia hapo. Mwaka 2007 kikundi kilifikisha gigabiti 12.5 kwa sekunde kwa kutengeneza upya ishara ya umeme: msukumo mkali wa kufyatua mwanzoni, kisha volteji ya kinyume ya kuzifyonza chembe nje badala ya kuzisubiri. Mpaka wa pili uko ndani ya pete yenyewe. Kama mwanga hukaa pikosekunde 33, taarifa haiwezi kubadilika haraka kuliko mwanga unavyoweza kutoka, kwa hiyo kila anayeongeza ubora wa pete ili apate wepesi wa kuhisi analipia kwa kasi. Mhandisi wa moduleta ya pete anaishi kati ya mipaka hiyo miwili.

Mpaka wa tatu ndio ulioleta mashaka makubwa zaidi viwandani, nao ni joto. Kipimo cha mpindo cha silikoni hupanda kwa kiasi cha 1.8 kwa elfu kumi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na resonansi ya pete husogea kwa takriban sehemu nane kwa mia za nanomita. Ukilinganisha na upana wa rangi nilioutaja juu, nusu nyuzi tu inatosha kuitoa pete nje ya kazi. Chipu ya kompyuta hupanda na kushuka makumi ya nyuzi kulingana na kazi inayofanya. Wepesi wa kuhisi ulioifanya pete iwezekane ndio huo huo unaoifanya ihisi mambo ambayo hakuna aliyetaka iyahisi. Mwaka 2010 maabara ya Lipson ilichapisha muundo ambao pete na matawi mawili ya njia ya mwanga vilipangwa ili athari ya joto kwenye sehemu moja ifutwe na ile ya sehemu nyingine. Ni kazi nzuri kifikra, lakini sehemu kubwa ya sekta imechagua kuweka kijipasha joto juu ya kila pete pamoja na sakiti inayofuatilia rangi yake. Suluhisho hilo hufanya kazi, nalo hula umeme wakati wote.

Mwanga ndani ya mwanya

Katika mwaka ule ule wa 2004 maabara ilitoa wazo jingine ambalo linaonyesha tabia ile ile ya kufikiri kwa kutumia umbo. Kwa kawaida mwanga hubanwa ndani ya dutu yenye kipimo kikubwa cha mpindo. Lakini vijiti viwili vya silikoni vikiwekwa sambamba na kuachiwa mwanya wa makumi machache ya nanomita, kanuni za uga wa umeme kwenye mpaka wa dutu mbili hulazimisha uga ndani ya mwanya uwe na nguvu mara kadhaa ya ule ulio ndani ya silikoni kwenye mpaka huo. Mwanga hukaa mahali ambapo silikoni haipo. Faida yake ni kwamba mwanya huo unaweza kujazwa kimiminika cha kupimwa au polima yenye tabia ambazo silikoni haina, na vitambuzi vingi vya kemikali na vya kibiolojia vimejengwa juu ya wazo hilo. Kazi nyingine zilizofuata, kama ile ya mwaka 2009 ya muundo wa silikoni unaouficha umbo fulani lisionekane na mwanga, zilivutia magazeti zaidi, ingawa kwa maoni yangu hazikuusukuma mbele mstari mkuu wa utafiti wake.

Kuibadilisha dutu, kukibakiza kiwanda

Mwaka 2006, kwa kushirikiana na mwanafizikia mwenzake Alexander Gaeta, Lipson alionyesha kwamba njia ya silikoni yenye vipimo vilivyochaguliwa vizuri inaweza kukuza mwanga kwa mwanga, na ya kuwa upana na kimo cha njia ndivyo vinavyoamua iwapo rangi mbalimbali zitasafiri kwa mwendo unaoafikiana. Kwa mara nyingine umbo lilikuwa limefanya kazi ya dutu. Lakini hapa ndipo silikoni ilipofika ukingoni. Mwanga wenye nguvu nyingi ukipita ndani yake, fotoni mbili humezwa kwa pamoja na kuzaa elektroni huru, elektroni hizo hufyonza mwanga zaidi, na kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo hasara inavyoongezeka. Hakuna kukunja wala kuchonga kunakoondoa jambo hilo, kwa kuwa limo katika ngazi za nishati za silikoni yenyewe.

Dutu iliyochaguliwa badala yake ilikuwa nitraidi ya silikoni. Uchaguzi huu unahitaji kueleweka vizuri. Nitraidi huitikia mwanga mkali kwa udhaifu zaidi ya mara kumi kuliko silikoni, na mtu anayetazama jedwali la tabia za dutu angeikataa. Ila haimezi fotoni mbili mbili kwenye rangi za mawasiliano, na viwanda vya chipu vimeizoea kwa miongo mingi kama tabaka la kukinga. Lipson aliacha silikoni bila kuacha mashine, kemikali na taratibu zilizokuwa zimeifanya silikoni ivutie. Januari 2010, katika Nature Photonics, kikundi chake na cha Gaeta kilionyesha pete ya nitraidi inayopokea leza ya rangi moja na kutoa zaidi ya rangi mia mpya kwa kutumia nguvu isiyofikia miliwati 50. Rangi hizo hupangika kwa nafasi zilizo sawa, na ndiyo sababu mwanga wa namna hiyo huitwa kitana cha masafa. Tobias Kippenberg na wenzake huko Garching, Ujerumani, walikuwa wameonyesha kitana cha aina hiyo mwaka 2007 kwenye kifaa cha kioo; mchango wa kikundi cha Lipson ulikuwa kukileta kwenye chipu inayoweza kutengenezwa kiwandani.

Miaka iliyofuata haikuwa na tukio lolote la kushangaza umma, na kwangu ndiyo sehemu tajiri zaidi ya kisa. Ili kitana kizalishwe vizuri, tabaka la nitraidi lazima liwe nene kuliko nanomita mia saba hivi. Lakini nitraidi ikilazwa kwenye sahani ya silikoni hubaki imejivuta kwa mkazo mkubwa, na ikizidi unene wa nanomita mia nne hivi hupasuka. Nyufa huanzia ukingoni mwa sahani na kukimbia katikati, zikikata kila kifaa zinachokikuta. Jibu lililochapishwa mwaka 2013 halikuwa la kemikali mpya: walichimba mitaro kwenye sahani kuzunguka eneo la vifaa kabla ya kulaza nitraidi, na ufa unapofika kwenye mtaro husimama. Sahani ilipasuka kando, vifaa vilibaki vizima, na pete zilizotokana zilifikia kipimo cha ubora cha milioni 7, ambacho wakati huo kilikuwa cha juu kuliko chochote kilichoripotiwa kwa pete za nitraidi zinazobana mwanga kwa nguvu.

Hasara ya mwanga iliyobaki, desibeli 4.2 (desibeli ni kipimo cha upotevu) kwa kila mita, ilikuwa na washukiwa wawili. Wengi waliamini kwamba nitraidi yenyewe ndiyo inayofyonza mwanga, na kama ni hivyo, mwisho wa njia ulikuwa umefika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kikundi kilishughulikia kuta na uso wa njia za mwanga, kikiboresha uchongaji, kikirudia uchoraji wa miale ya elektroni mara kadhaa ili makosa yafutane, na kuusugua uso wa juu ulainike. Ubora ulipanda hadi milioni 37 kwa pete yenye njia ya upana wa mikromita 2.5, na milioni 67 kwa ile ya mikromita 10. Tofauti kati ya namba hizo mbili ina maana kubwa: kwenye njia pana mwanga hugusa kuta kidogo, na dutu ni ile ile, kwa hiyo hasara ilikuwa inatoka kwenye kuta. Waliweza kukokotoa kwamba ufyonzaji wa nitraidi yenyewe ni desibeli 0.13 tu kwa mita. Dutu iliyokuwa inashukiwa ilikuwa safi. Umbo lake ndilo lililokuwa na dosari.

Ukipungua upotevu, hupungua pia nguvu inayohitajika kuanzisha kitana, na mwaka 2018 Brian Stern, Lipson na wenzao walichapisha chanzo cha kitana kilichotumia miliwati 98 za umeme na kuendeshwa kwa betri ndogo ya aina ya AAA. Wakati huo maabara ilikuwa imekwisha kuhamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako Lipson alikwenda mwaka 2015.

Tabaka la atomi moja

Nitraidi ina upungufu ambao silikoni haikuwa nao: haipitishi umeme, hivyo haiwezi kutiwa dayodi wala kuamriwa kwa chembe za umeme. Kwa hiyo maabara ilianza kulaza juu yake dutu bapa zenye unene wa atomi chache. Mwaka 2015 walionyesha moduleta ya grafini juu ya pete ya nitraidi iliyofikia upana wa gigahezi 30. Grafini ni tabaka moja la atomi za kaboni, na hufyonza mwanga. Volteji ikibadilisha ufyonzaji huo, hubadilisha kiasi cha mwanga pete inachokipokea. Kwa kazi ambazo ufyonzaji haukubaliki, mwaka 2020 walitumia tungsteni disulfidi, ambayo inaweza kubadilisha kipimo cha mpindo kwa kiasi kikubwa huku ufyonzaji ukibaki karibu vile vile. Ni mapema kusema iwapo dutu hizi zitaingia viwandani, kwa sababu kulaza tabaka la atomi moja juu ya sahani nzima bila mkunjo wala doa bado ni kazi ngumu. Mantiki ya kisa, hata hivyo, ni ile ile: nitraidi inabeba mwanga kwa upole, tabaka jembamba linaongezwa pale tu amri ya umeme inapohitajika.

Pete na kitana vikikutana

Lipson alipata ufadhili wa MacArthur mwaka 2010, akachaguliwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka 2019, na mwaka 2023 alikuwa rais wa Optica, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa mwanga. Ushahidi ulio na uzito zaidi kwa tathmini ya kazi yake uko kwenye vituo vya data, ambako kuhamisha taarifa kati ya vichakataji kunakula sehemu kubwa ya umeme na kupunguza kasi ya mifumo ya akili bandia. Kila pete hunasa rangi moja tu. Kila kitana hutoa rangi nyingi kutoka kwenye leza moja. Vikiunganishwa, njia moja ya mwanga inaweza kupitishwa kando ya safu ya pete, kila pete ikiandika taarifa kwenye rangi yake bila kuzigusa nyingine. Mwaka 2023 vikundi vya Keren Bergman, Gaeta na Lipson vilichapisha kiungo cha namna hiyo chenye rangi 32, kila moja ikibeba gigabiti 16 kwa sekunde, jumla ikiwa gigabiti 512. Watatu hao ni miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Xscape Photonics, iliyoanzishwa mwaka 2022 kwa lengo la kuifikisha teknolojia hiyo kwenye vituo vya data.

Tatizo lililo mbele yao sasa ni lile la joto, likiwa limezidishwa kwa idadi ya rangi. Kiungo cha rangi 32 kinahitaji pete upande wa kutuma na pete nyingine upande wa kupokea, na kila moja lazima ishikiliwe kwenye rangi yake wakati chipu iliyo jirani inapopata moto na kupoa. Umeme unaotumiwa na vijipasha joto huingia kwenye hesabu ile ile ya nishati kwa kila biti ambayo pete ilikusudiwa kuipunguza. Ni kiasi gani cha umeme huo kinaweza kuondolewa kwa kubuni pete upya, na kiasi gani kitahitaji dutu isiyohisi joto kama silikoni inavyolihisi, ndilo swali ambalo maabara nyingi za fotoniki, ya Lipson ikiwamo, zinalifanyia kazi.